Mandhari Yenye Hoja

Mwanafunzi wa Majengo, Songea, anayejiandaa kwa mtihani wa fasihi hufundishwa kupasua hadithi mapande mawili. Mandhari huangukia fani, pamoja na muundo, mtindo na wahusika. Dhamira hukaa kwenye maudhui, jirani na migogoro na ujumbe. Akivuka kwenda Kenya atakuta maudhui ndiyo yanayofanya kazi ya dhamira, na dhamira imekuwa lengo la mwandishi. Ugomvi huo tuuache mpakani.

Mgawanyo huu unazifaa hadithi nyingi. Kwenye bunilizi ya kisayansi unagoma. (Nalipenda neno bunilizi, maana limetoka kwenye kubuni. “Hadithi ya kisayansi” husikika kama iliyopimwa maabara.)

Mandhari ni neno la macho, ndugu wa nadhari. Labda ndiyo maana wengi huandika “mandhari ni ya mjini” wakaweka kalamu chini. Mji upi, na lini? Majengo ipo Songea, ipo Moshi, ipo Mombasa na Nairobi. Na Songea ya 1906, Wajerumani walipomnyonga Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, si Songea ambayo mwandishi ataibuni ya mwaka 2106. Msomaji wa bunilizi hana budi kuuliza zaidi: huko nani anamiliki hewa? Kipi kinawezekana ambacho kwetu ni muhali? Nani kaweka sheria? Hayo jicho haliyaoni, ila ndiyo mandhari yenyewe.

Mfano ninaoutegemea ni riwaya: Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka 1995. Dzombo amehukumiwa kifo; chombo cha angani kinamfikisha sayari ya Walenisi, ambako watu wanaishi kwa haki aliyoikosa kwao. Mkangi, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa amewekwa kizuizini mwaka 1986, enzi za Moi. Kwa mtu kama huyo, sayari ya mbali ilimpa nafasi ya kuisema nchi ya karibu.

Sasa litamke jina la sayari polepole: wale ni sisi. Hiyo ni mandhari au dhamira? Dzombo hajakanyaga ardhi yake, na hoja ya kitabu imeshatajwa. Mkangi angeiita Zohali, angetupa mahali pa kutua tu.