Msimu wa riadha Kibera na Kawangware: unavyoanza, unavyokwenda na anayeachwa njiani

Huku kwetu Mombasa ukitaja riadha, wengi wanakumbuka Machi 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipoletwa kwenye uwanja wetu wa gofu. Joto la siku ile halikumjua bingwa wala mwanafunzi. Kenenisa Bekele wa Ethiopia aliachia njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akaondoka na ushindi. Baada ya hapo tukarudi kwenye mpira wetu wa miguu na tukanyamaza.

Mimi nimerudishwa kwenye riadha na mpwa wangu. Dada yangu ameolewa Makina, Kibera, katika nyumba ya Wanubi, na binti yake anasoma Kawangware. Mwaka huo nilikaa kwao wiki kadhaa kwa shughuli zangu, nikajikuta nimefuata msimu mzima wa timu ya shule. Nayaandika niliyoyaona ili mzazi wa Pwani mwenye mtoto huko, au anayemsukuma mtoto wake hapa hapa, ajue mambo yanavyokwenda.

Kwanza, ngazi. Msimu huanzia ndani ya shule, madarasa au nyumba zikishindana, na mwalimu wa michezo anachuja. Waliochujwa huenda zoni, kisha kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha mkoa, kisha taifa. Kwa shule za sekondari, juu ya taifa yako mashindano ya Afrika Mashariki ya FEASSSA, ambayo kwa kawaida huwa Agosti. Nairobi ni kaunti na ni mkoa kwa wakati mmoja, kwa hivyo mtoto wa Kawangware ana ngazi moja pungufu ya mtoto wa Kwale, ambaye akishamaliza kaunti yake hana budi kupambana na Pwani nzima. Usidhani basi ni wepesi. Kibera iko eneo la Kibra na Kawangware iko Dagoretti Kaskazini, na kila upande una shule nyingi zilizobanana, zenye watoto wenye miguu.

Miguu ipo. Uwanja ndio haupo. Kibera wana Kamukunji na uwanja wa DC, na viwanja hivyo vinagombewa na mpira, mikutano ya siasa, wahubiri na wanaoanika nguo. Shule ya mpwa wangu ina ua ambao ukikimbia mita 60 umegonga ukuta. Mistari wanaichora kwa majivu. Kona hawana, na hapo ndipo pana shida, kwa sababu riadha ya uwanjani ni kona. Uwanja kamili una mzunguko wa mita 400 na njia za upana wa mita 1.22. Katika mbio za mita 400 wa njia ya pili huanza mita saba na kidogo mbele ya wa kwanza, ili wote wakimbie sawa. Mtoto ambaye hajawahi kuona hilo, siku ya mashindano anadhani wenzake wamependelewa au yeye amependelewa. Nilimsikia mmoja akimuuliza mwalimu kwa dhati kabisa kwa nini yule wa nje ametangulizwa.

Nyayo, uwanja uliofunguliwa 1983, hauko mbali na Kibera. Kasarani ulifunguliwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, na hapo hapo Septemba 2021 Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Watoto wa Kibera wanajua namba hiyo kama wanavyojua namba za matatu. Kuikanyaga tatani yenyewe ni jambo jingine.

Hewa nayo inahitaji maelezo, maana nilipata aibu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Nilijaribu kutembea haraka na watoto kando ya reli asubuhi moja, nikakaa chini kwenye jiwe kabla hatujafika mbali, wao wakicheka. Hewa ikiwa nyepesi, mbio ndefu huwa ngumu kwa anayetoka bondeni, lakini mbio fupi na miruko hunufaika kwa kuwa upinzani wa hewa hupungua. Mtoto wa Mombasa anayepanda Nairobi kwa mita 1,500 apande mapema azoee. Wa mita 100 hana haja ya kuogopa.

Kuna kurusha na kuruka pia, ambako shule maskini zingeweza kutafuta jina. Tufe la wasichana walio chini ya miaka 18 ni kilo 3, la wavulana wa umri huo kilo 5. Nimeona jiwe la mto likitumika badala ya tufe, na ufito badala ya mkuki. Tusicheke. Julius Yego alijifunza sehemu kubwa ya mkuki kwa kutazama video za intaneti, na mwaka 2015 kule Beijing akarusha mita 92.72, akawa bingwa wa dunia.

Pesa. Shule ya serikali hupata mgao kwa kila mwanafunzi, na ndani yake mna fungu la michezo. Lakini Kibera na Kawangware watoto wengi mno wako katika shule za jamii na za watu binafsi za karo ndogo, ambazo mgao huo hauzifikii. Nauli ya kwenda zoni hutoka kwa wazazi. Timu yetu ilitembea. Njumu zilikuwa jozi mbili kwa wasichana wanne, na anayemaliza anamvulia anayeanza.

Kuhusu stara, maana najua nitaulizwa: mpwa wangu hukimbia na hijabu na suruali ndefu, na hakuna aliyemkataza. Ruqaya Al-Ghasra wa Bahrain alishinda mita 200 katika Michezo ya Asia kule Doha mwaka 2006 akiwa amejistiri. Mwezi wa Ramadhani mazoezi walisogeza karibu na magharibi, wakapunguza mbio ndefu, wakabaki na kubadilishana kijiti. Mwalimu wao si Muislamu, na wazo lilikuwa lake.

Kijiti ndicho kilichotuumiza. Katika 4 mara 100 eneo la kupokezana ni mita 30, na kijiti kikipita mikononi nje ya hapo timu imetoka. Wasichana hawa walipima mita hizo kwa hatua, wakaweka mawe, wakarudia hadi wakawa hawatazami nyuma. Wa mwisho ndiye alikuwa na kasi kuliko wote, binti wa jirani yetu Makina, Mnubi. Zoni wakapita.

Kwa kaunti ndogo ikatakiwa nakala ya cheti cha kuzaliwa kwa kila mchezaji. Sheria hiyo siipingi, udanganyifu wa umri umeharibu michezo ya shule miaka mingi. Yule binti hakuwa na cheti. Baba yake alikuwa ameshakwenda ofisi moja mara nne, na kila mara anaambiwa alete karatasi nyingine, ya babu yake.

Msomaji wa Pwani analijua hilo swali la babu. Wazee wa Wanubi walikuja kama askari wa Mwingereza kutoka Sudan, wakapewa kukaa msituni, na Kibra kwa lugha yao ni msitu. Mwaka 1918 ardhi hiyo ilitangazwa kuwa ekari 4,197. Hati waliyopewa 2017 ilikuwa ya ekari 288. Machi 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kuwa Kenya imekiuka haki za watoto wa Kinubi, usajili wa kuzaliwa ukiwa ndani ya shauri hilo. Uamuzi upo. Baba wa binti alikuwa bado kwenye foleni.

Mwalimu akamweka msichana mwingine, mrusha tufe, mwenye bidii na asiye na kasi. Walijaribu siku mbili. Siku yenyewe mpwa wangu, aliyekuwa wa tatu, akafika kwa kasi ya kumfuata yule aliyemzoea, na huyu mpya alikuwa hajaondoka vizuri. Wakagongana. Kijiti hakikuanguka, lakini walimaliza wa tano, na wanaokwenda kaunti ni wawili.

Yule binti alikuwepo, ameshika mifuko na viatu vya wenzake pembeni. Mpwa wangu alipofika kwake alilia, mwenzake hakulia. Akamwambia tu, "Ulinikosa kwa hatua mbili. Mimi ningekuwa nishatoka."

Cheti kilitoka wiki ya tatu baada ya shule kufungwa. Dada yangu alinitumia picha yake kwa simu, kimewekwa ndani ya nailoni ili kisiloe. Yule binti anakwenda nacho mazoezini.