Bustani ya Forodhani na pembe za Maniema

Pembe za ndovu za Kasongo, Nyangwe na Kabambare, huko Maniema, mashariki ya Kongo, zilisafiri miezi kadhaa mabegani mwa wapagazi. Zilivuka Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, zikapita Tabora, zikateremka Bagamoyo, kisha majahazi yakazivusha mpaka Unguja. Huko zilishushwa ufukweni, penye forodha ya Sultani, mbele ya Ngome Kongwe. Leo pahali hapo pana bustani.

Kila mtawala ameacha alama yake hapo. Kati ya 1598 na 1612 Wareno walijenga kanisa. Waomani walipowatimua Wareno mwishoni mwa karne ya 17, walijenga Ngome Kongwe palepale. Mwaka 1883 Sultani Barghash akainua jumba la Beit al-Ajaib jirani yake.

Bustani yenyewe ni changa. Ilifunguliwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, ikaitwa ya Jubilei. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikapewa jina la Jamituri. Wenyeji hawakujisumbua sana na majina hayo: kwao ni Forodhani tu. Mfuko wa Aga Khan uliikarabati, ikafunguliwa upya Julai 2009, na jioni wauzaji wa mishkaki, pweza, urojo na juisi ya miwa hupanga meza zao, huku vijana wakirukia baharini kutoka ukutani.

Lakini urithi unaosherehekewa hapo una sehemu ya Maniema, nayo haisemwi sana. Mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyeifanya Kasongo makao yake katika miaka ya 1870, alifika Unguja mwaka 1882 na shehena kubwa ya pembe. Nyumba yake ingali Shangani, mwendo mfupi kutoka bustanini, na alifariki Unguja mwaka 1905 akiwa ameandika maisha yake kwa Kiswahili. Utajiri huo ulikuwa na gharama. Tarehe 15 Julai 1871, mpelelezi David Livingstone akishuhudia, watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa walifyatua bunduki katika soko la Nyangwe na kuua mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua. Kasongo nayo ilitekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya kamanda Mbelgiji Francis Dhanis Aprili 1893, mwanawe Tippu Tip, Sefu, akashindwa.

Kilichobaki Maniema ni Uislamu, mashamba ya mpunga na Kiswahili chenyewe, kinachosemwa mpaka leo katika mji wa Salamabila, sokoni na machimboni.

Basi msomaji wa Kabambare au Kasongo akijaliwa kufika Unguja, asiishie kwenye mishkaki. Atembee hadi Shangani, aitazame nyumba ile, na amwulize mwongozaji pembe za Tippu Tip zilitoka wapi.