Uchongaji wa Wamunyu na Suala la Utambulisho

Ni kawaida ya baadhi ya wahakiki kuihusisha sanaa na kabila moja tu, kana kwamba kila jamii ilijifungia uani kwake. Historia ya Wamunyu, huko Machakos, inaikanusha dhana hiyo. Tangu jadi Wakamba walichonga viti, mizinga na vyombo vya nyumbani. Sanamu za kuuza zilifuata baadaye. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge, mwenyeji wa Wamunyu, alifika Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918), akajifunza ufundi huo kwa Wazaramo, kisha akarejea na kuwafunza jamaa zake. Ufundi ulienea hadi Mombasa, ambako wachongaji waliunda chama chao cha ushirika, Changamwe, mnamo 1963.

Hivyo basi, sanaa inayotajwa kuwa kitambulisho cha Wakamba ilichipuka kwa kukutana na jirani. Isitoshe, mojawapo ya sura zake mashuhuri ni ya morani wa Kimaasai mwenye mkuki. Swali linalozuka ni hili: nani anamwakilisha nani? Mkamba anamchonga Mmaasai kwa kufuata matakwa ya mtalii, naye mtalii huondoka akiamini ameibeba Afrika yenyewe. Mmaasai hakuulizwa, mchongaji naye, aghalabu, jina lake halimo. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Hiki kinastahili kututisha kidogo, kwani aliyechonga na aliyechongwa wamenyamazishwa pamoja.