Mtungaji wa Ngano na Malaika wa Mauti

Sisi tukaao Sanya Juu twajua jinsi matarumbeta ya kanisa yanavyolia kaburini. Huingia moyoni kabla mhubiri hajafumbua kinywa. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji habari za mtu wa Ulaya aliyekuwa fundi wa sauti za namna hiyo, jina lake Josef Suk.

Alizaliwa tarehe 4 Januari 1874 katika kijiji cha Křečovice, nchi ya Bohemia, ambayo siku hizi ni sehemu ya Cheki. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji, tena kiongozi wa waimbaji kanisani. Walimu wenzetu wataijua hali hiyo, maana hata kwetu kazi hizo mbili zilikwenda pamoja miaka mingi. Mwaka wa 1885 kijana akaingia chuo cha muziki cha Prague, na baadaye akafundishwa na Antonín Dvořák, mtungaji mwenye sifa kuu katika taifa lake. Mwanafunzi akampenda Otilie, binti wa mwalimu, wakaoana mwaka wa 1898.

Mwaka huo huo Suk alitunga muziki wa mchezo wa Radúz na Mahulena, ulioandikwa na Julius Zeyer. Ni ngano hasa. Mwana wa mfalme apenda binti wa adui, malkia awalaani, kijana amsahau mpenzi wake, naye binti ageuka mti, mwisho upendo washinda laana. Wazee wetu waliosimulia habari za Irimu wasingeiona ngeni. Muziki ule akautengeneza upya kwa okestra, yaani kundi kubwa la wapigaji wa fidla, filimbi, tarumbeta na ngoma, akauita Pohádka, maana yake Ngano. Ndani yake mna muziki wa mazishi pia, nao ni mzuri. Lakini ni mazishi ya mchezo, ambayo maiti huinuka pazia likishuka, akaenda zake kula.

Tarehe 1 Mei 1904 Dvořák akafariki. Suk alikuwa safarini Hispania, akipiga fidla na wenzake. Mwaka uliofuata akaanza simfonia kubwa ya kumwomboleza mkwewe, akaiita Asrael, jina la malaika atoaye roho. Ndugu zetu wa pwani humwita Izraili. Alikusudia kwamba baada ya maombolezo ije shangwe, kuyashukuru maisha ya yule mzee. Sehemu tatu zilikuwa zimekwisha, na ya nne imeanzwa, Otilie naye alipofariki, mwezi wa Julai 1905. Umri wake ulikuwa miaka 27, akaacha mtoto mdogo mwanamume.

Shangwe haikuwezekana tena. Suk akaitupa ile sehemu ya nne, akaandika nyingine ya taratibu, iwe sura ya mkewe. Laana ya malkia aliweza kuivunja, kwa kuwa alikuwa na hadithi ya kumwongoza; huyu malaika hakuwa na hadithi. Basi akamwacha abaki mle ndani ya muziki. Kazi ikaisha mwaka wa 1906, ikapigwa mara ya kwanza Prague tarehe 3 Februari 1907. Huchukua yapata saa nzima. Sehemu ya mwisho huanza kwa vishindo vya ngoma, ikashindana sana, kisha hutulia kidogo kidogo hata ikakoma kwa sauti laini. Wengine husema hiyo ni faraja. Sisi twaisikia kama mtu aliyelia hata akachoka, akaketi kimya na jirani zake.

Suk aliendelea kutunga na kupiga fidla miaka mingi, akafariki tarehe 29 Mei 1935. Lakini mwaka ule wa 1907 alikuwa na kazi nyingine ndogo nyumbani. Alimwandikia mwanawe vipande vitano vya piano, akaviita Habari za Mama. Katika kimoja chao sauti moja yarudiwa bila kukoma, ikidunda chini ya wimbo: ndio moyo wa mama.