Kaplong Inanyesha Kila Siku na Bado Kenge Wako Anakauka? Cheki Shida Iko Wapi

Kaplong ni kijani, mvua ya jioni inapiga mabati mpaka huskii TV, na Kipsonoi inapita tu hapo upande wa Sotik. Sasa kenge atakosa maji aje? Ni rahisi. Mvua inanyeshea majani chai, hainyeshei boksi lililo ndani ya keja. Weka kenge kwa boksi la mbao, tandika magazeti, washa balbu ya joto, na umemjengea Turkana yake hapo Kaplong.

Kwanza mambo ya sheria. Kenge ni mnyama wa pori, na chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013 hufai kumfuga bila kibali cha KWS. Ukimpata kwa shamba, mwachie njia arudi mtoni. Hii stori ni ya wenye makaratasi, wasee wanaotunza reptilia mahali kama bustani ya nyoka ya Kisumu Museum, na watu wetu walioenda Marekani, ambako kenge wa savana anauzwa dukani kama kuku.

Wengi huweka bakuli la maji na kudhani kazi imeisha. Shida ni kwamba kenge anapoteza maji mengi akipumua. Hewa ikiwa moto na kavu, anakauka pole pole hata kama bakuli limejaa. Huko pori, jua likichoma anaingia shimoni, na hewa ya shimoni iko na unyevu. Hilo shimo ndilo unafaa kumpea.

Kwa hivyo weka udongo, na uwe mwingi: nusu mita kwenda chini, aweze kuchimba. Udongo mwekundu wa huku ni poa ukichanganya na mchanga, lakini usichote chini ya majani chai mahali mbolea na dawa zimepita. Mwagilia, kisha finya kwa mkono. Ukishikana kama tonge la ugali, uko fiti. Ukitoa maji, umezidisha. Maji ya kuongeza yamwage kwa kona yafike chini. Kupuliza juu juu kunalowesha kioo tu. Na kama kifuniko ni cha wavu, funika sehemu kubwa, juu unyevu wote unatorokea hapo.

Kenge maji, yule wa mitoni, anataka pia beseni la kuzama mwili mzima. Atakunywa humo na atanya humo, so badilisha maji kila siku. Hilo beseni lisiwahi kurudi jikoni. Reptilia hubeba salmonela, na hiyo ni noma kwa watoto.

Sasa Kaplong iko na mtego wake: baridi ya usiku. Udongo umelowa, stima imepotea, kenge amepoa, na mapafu yanaanza kuugua. Mahali pa kuota joto pafike karibu digrii 50 mchana, upande wa pili ubaki kama 25 hadi 28. Stima ikienda, funika boksi na blanketi, na usimwagilie hiyo jioni.

Utajuaje amekauka? Macho yanaingia ndani, mate yanavutika kama gundi, ngozi ya zamani inakwama kwa vidole na ncha ya mkia. Hiyo ngozi ikikaza inazuia damu, na kidole kinaweza kukatika. Cheki pia ile sehemu nyeupe ya kinyesi. Ikiwa laini, sawa. Ikiwa ya manjano na ngumu kama chokaa, figo zinahangaika, na mbele kuna jongo, ule ugonjwa wa wazee wa nyama choma. Kwa kenge huwa unaua.

Ukiona hizo dalili, mweke kwa maji vuguvugu yanayofika mabegani, dakika 20 hivi, na usimwache peke yake. Usimsukumie maji mdomoni na sindano, yataingia mapafuni. Akikataa kunywa na kula, tafuta daktari wa mifugo, lakini piga simu kwanza uulize kama ameshatibu reptilia. Wengi huku wamezoea ng'ombe.

Asubuhi zamisha mkono kwa udongo usikie kama chini bado kuna unyevu. Hakikisha tu kenge ako upande ule mwingine. Hao wasee wakiuma, hawaachilii haraka.