Majibu ya Kipimo ni ya Nani?

Julai 2020, serikali mpya ya Rais Évariste Ndayishimiye ilipoanza kuwapima watu korona bure mjini Bujumbura, jirani yetu hapa Ngagara alikataa kwenda. Hakuogopa ugonjwa, aliogopa bosi wake asije akajua. Nilimcheka. Baada ya kusoma historia, naona alikuwa na sababu.

Mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika uliwahi kuona upimaji usio na hiari. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa Wajerumani, malale ilipoenea, madaktari waliwapapasa watu tezi za shingo. Waliodhaniwa wagonjwa walipelekwa kambini kudungwa sindano za atoksili, dawa iliyoweza kupofusha macho. Baadhi walijificha, na ugonjwa ukajificha nao.

Ukimwi ulitufunza njia nyingine. Sheria ya Burundi ya tarehe 12 Mei 2005 inawalinda wenye virusi. Mwaka 2010, Pendekezo Na. 200 la Shirika la Kazi Duniani likasema kupima VVU kuwe kwa hiari, na mfanyakazi asilazimishwe kutaja hali yake.

Kweli, korona huambukizwa kwa pumzi, na mwajiri ana wajibu wa kuwakinga wengine. Lakini anachohitaji kujua ni kimoja: mtu huyu aingie kazini leo, au abaki nyumbani huku akilipwa? Mengine ni ya mgonjwa na daktari wake. Angehakikishiwa mshahara wake na siri yake, jirani yangu angepanga foleni mapema.