Kuziba Tundu la Chombo: Kutoka Gome hadi Plastiki katika Nchi ya Katavi

Kila chombo cha majini huvuja kulingana na kilivyoundwa, na namna ya kukiziba hufuata jambo hilohilo. Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 na makao yake makuu yakawa Mpanda, una maji pande tatu. Magharibi kuna mwambao wa Ziwa Tanganyika wenye Karema na Ikola, kusini-mashariki kuna Ziwa Rukwa, na kaskazini Mto Ugalla unaomwaga maji yake Malagarasi. Kwa hiyo historia ya viraka vya vyombo katika nchi hii ni ndefu kuliko historia ya mkoa wenyewe.

Chombo chepesi kuliko vyote kilikuwa cha gome. Msafiri Mwingereza Richard Burton, alipovuka Mto Malagarasi mwaka 1858 akielekea Ujiji, mji wa kando ya Ziwa Tanganyika, alieleza vyombo vya kuvushia watu vilivyofanywa kwa magome ya miombo yaliyoshonwa kwa nyuzi za mti uleule. Hapo hapakuwa na ubao wala msumari. Kilichovuja ni mshono uliolegea au gome lililochanika, na mshono hushonwa upya. Gome likichoka kabisa, hubanduliwa jingine, maana miombo haikuwa haba.

Mtumbwi wa gogo ulikuwa mali ya namna nyingine. Magogo makubwa ya mvule kwa ajili ya mitumbwi ya Ujiji yalitoka Ugoma, ng'ambo ya ziwa, na mtu aliyepata mtumbwi kama huo hakuutupa kwa sababu ya ufa mmoja. Adui wake mkubwa si mwamba bali jua: mti ukikauka husinyaa na kupasuka. Mtumbwi ukiachwa na maji ndani, mti huvimba na nyufa nyembamba hujifunga zenyewe. Hili ndilo tengenezo la bei nafuu kuliko yote, na halihitaji fundi.

Ufundi hasa ulikuja na mbao. Waswahili na Waarabu wa pwani waliojikita Ujiji katika karne ya 19 walileta majahazi ziwani, na pamoja nayo kazi ya kalafati. Pamba husokotwa, hulowekwa mafuta, kisha husukumizwa kwa patasi na nyundo katika kila mwanya kati ya ubao na ubao. Pwani, chombo kilipakwa pia deheni, yaani chokaa iliyokandwa kwa mafuta ya wanyama, ili kuzuia minyoo inayotoboa mbao. Minyoo hiyo ni ya bahari, haimo Tanganyika, ndiyo maana deheni haikuwa na kazi kubwa huku. Sifa, mafuta ya papa yanayopakwa mbao pwani, nayo haikuwa na sababu ya kusafirishwa bara, kwa kuwa mwambao wa ziwa una mawese yake. Mafundi wa ziwa huloweka pamba katika mawese, na juu ya mshono hugongomea ukanda wa bati. Njia hii bado inatumika kwenye mitumbwi ya mbao ya wavuvi wa dagaa na migebuka, wanaovua usiku kwa taa.

Chuma kilifika kwa kishindo zaidi. Meli inayoitwa leo Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande na kuunganishwa kwa ribiti Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 baada ya kuipaka mitambo yake grisi tele. Waingereza waliiinua mwaka 1924, ikarudi kazini Mei 1927. Kwa miongo mingi ilipita Karema na Ikola pasipo gati la kufungia. Abiria na mizigo waliifuata kwa mashua, na mashua zikigonga ubavu wa chuma katika mawimbi, kalafati hulegea. Bandari mpya ya Karema imeanza kubadili hali hiyo. Bara, tawi la reli la Kaliua hadi Mpanda, lenye urefu wa takribani kilomita 210, lilijengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi na kukamilika karibu mwaka 1950. Bati na misumari vikafika kwa behewa badala ya kubebwa kichwani.

Plastiki ndiyo mgeni wa mwisho. Polietilini iligunduliwa Uingereza mwaka 1933, na kayaki za polietilini zilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1970. Unga wa plastiki hutiwa katika kalibu ya chuma, kalibu ikazungushwa ndani ya tanuri mpaka unga ukayeyuka na kuganda ukutani. Matangi meusi ya maji yanayoonekana Mpanda hutengenezwa vivyo hivyo. Kayaki zenyewe ni za watalii, Mahale kaskazini na Kipili kusini, lakini anayejua kuziba tangi anajua kuziba kayaki.

Gundi ya kawaida haishiki polietilini, kwa kuwa uso wake ni mtelezo na hauungani na kitu. Lami huzuia maji kwa siku chache tu, kisha hubanduka. Dawa ni moto. Fundi hutoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia, hukwangua kingo mpaka plastiki safi itokeze, kisha huyeyusha kwa chuma cha moto ukingo pamoja na kipande cha plastiki ya aina ileile. Kipande cha dumu hufaa kwa dharura, ila kilichokatwa kwenye tangi bovu kinafanana zaidi na kayaki. Polietilini hulainika chini kidogo ya nyuzi 130 za Sentigredi. Ikiungua na kuwa kahawia, kiraka kitakatika. Tundu linalopita ngumi huhitaji kipande kikubwa kinachoyeyushwa kutoka ndani na nje, na kiraka kiachwe kipoe taratibu bila kumwagiwa maji.

Boti za faiba, ambazo serikali imeanza kuwakopesha wavuvi, hazikubali moto wala pamba. Kwa hizo hutakiwa kitambaa cha nyuzi za kioo na resini, na uso ulioparazwa kwa msasa ukawa mkavu kabisa, jambo gumu kulipata masika kando ya ziwa.